Bwana Harusi na Mtaro wa Mtaa wa Gesti

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, hujakosa mengi isipokuwa shimo.

Gervas Kobelo, bwana harusi wetu, aliwaahidi wakwe zake kwamba wageni wote wa harusi watalala Upepo wa Bondwa, gesti ya Bi Mwaisha pale Mafiga. Mahali pasafi, chai ipo, na milima ya Uluguru unaitazama bila kutoka kitandani. Kisha, katikati ya wiki ya harusi, katapila likapita mtaani na kuchimba mtaro mbele ya gesti zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Mtu mzima akisimama ndani yake, unamwona kuanzia kifuani kwenda juu.

Angekuwa na mtu wa kumlaumu, angalau angepumua. Lakini Gervas ndiye afisa uhusiano wa Tujenge Pamoja, kampuni inayopanua barabara ile ili mji ufanane na jiji. Tangazo la kuchimba alilitoa mwenyewe. Alichukua la mwaka jana, akabadili tarehe, akachomeka jina la mtaa alilotajiwa kwa simu, akalituma bila kulisoma. Matangazo ya Gervas hayasomwi na mtu, naye hakutaka kujitenga na wengine.

Basi tuanzie hapo hapo, kando ya mtaro.

Alhamisi wageni walianza kuuliza maswali. Ndoa ilikuwa Jumamosi, misa ya asubuhi, na kundi la wasapu la harusi lilijaa watu wa Dar, Dodoma na Dumila waliokwisha kufunga mabegi. Wengine walikuwa wameona picha za mtaro kwenye simu na walitaka kujua kama ndio pale wanapokwenda kulala.

Gervas alikaa kwenye baraza la Bi Mwaisha, akafikiri kama anavyofikiri ofisini, kisha akaandika:

"Wageni wetu wapendwa, kufuatia maboresho ya miundombinu yanayoendelea, mtapata fursa ya kushuhudia kwa karibu ukuaji wa mji wetu. Njia ya kuingilia malazi imeboreshwa kwa muda. Karibuni Morogoro."

Njia iliyoboreshwa kwa muda ilikuwa ubao mmoja wa kitanda.

Wa kwanza kuufikia ubao huo alikuwa shangazi yake, Joyce, aliyekuja kutoka Dumila na goti lake bovu. Aliteremka kwenye bajaji, akautazama ubao, akalitazama goti. Kisha akaliweka sanduku lake chini upande ule wa barabarani, akalikalia, na kusema chai aletewe palepale. Ikabidi aletewe. Mpita njia mmoja alimwuliza anauza nini.

Aliyeokoa hali ni jirani wa nyuma, Pazi, fundi wa kuchomelea mageti. Uwanja wa karakana yake unapakana na ua wa Bi Mwaisha, na geti lake linatazama uchochoro ambao haukuchimbwa. Alitoa mabati mawili ya uzio, akasema wageni wapite kwake. Alipomwona Gervas anakuja kushukuru, alimwambia kwamba wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila hawakusema kama anaruhusiwa kuingia na ukoo mzima.

Gervas alicheka, akatoa taarifa ya pili. Safari hii aliwajulisha wageni kuwa limefunguliwa lango maalumu kupitia eneo la viwanda vidogo.

Jioni ile watu wa Dar waliteremka kwenye treni, wakapita eneo la viwanda vidogo na viatu vyao vipya, wakirukaruka vipande vya nondo huku cheche zikiwamwagikia. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba alidhani ni sehemu ya sherehe.

Ungedhani taabu ya Gervas imeishia hapo. Mtaro ulikuwa ndio taabu yake inayoonekana.

Ile isiyoonekana ilianza muda kidogo kabla. Mhandisi Ezekiel, bosi wake, alikuwa amemwita pembeni na kumweleza kwamba michoro imebadilika. Barabara itakuwa pana kuliko ilivyotangazwa. Kila gesti ya upande ule itaondolewa baraza na vyumba vya mbele. Wenye nyumba wangejulishwa rasmi, lakini taarifa ilikuwa inasubiri sahihi ya mtu aliyekuwa safarini, na kutoka safari hiyo mtu huyo alikuwa ameunganisha nyingine.

Kubomoa kulipangwa kuanza wiki hiyohiyo ya harusi. Gervas alimsihi Mhandisi asogeze mbele hadi Jumatatu baada ya harusi. Mhandisi akakubali, akamtaka tu afunge mdomo ili mtaa usichafuke kabla ya wakati.

Gervas akaufunga.

Kila alipokwenda kwa Bi Mwaisha kupanga mambo ya wageni, mama yule alimshika mkono na kumpeleka vyumba vya mbele. Alikuwa anavipaka rangi upya kwa ajili ya harusi: kimoja cha mjomba wa bibi harusi, kingine cha maharusi wenyewe. Rangi ya maziwa, aliyoichagua bibi harusi mwenyewe, Paskalia. Gervas alisimama mlangoni, akasema imependeza sana.

Hakusema uongo, alijiambia. Ilikuwa imependeza. Aliacha tu kusema mengine. Kazini kwao jambo hilo linaitwa mawasiliano ya awamu.

Ijumaa asubuhi ndipo akafika mjomba.

Mjomba Paulo ni mkulima wa Nyandira, mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata mjini kwenye joto. Kwa Waluguru mjomba si mgeni wa kukaa kiti cha nyuma. Mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno la mwisho. Baba wa Paskalia alishakubali posa zamani. Lakini kila mtu alijua kwamba ndoa haitafungwa mpaka Mjomba Paulo aseme imefungwa.

Aliteremka mlimani na watu wake kwa fuso iliyoleta kabeji sokoni. Hakutaka kupita kwa Pazi. Alisema mtu mzima huingia nyumba ya watu kwa mbele, na akafika hadi ukingo wa mtaro. Gervas alikimbia ng'ambo kumpokea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe wangu." Mjomba alikuwa anatazama chini. "Nani amechimba hapa?"

"Ni mradi, mjomba."

Mjomba akafikiri kidogo. "Huyo Mradi ni mtoto wa nani?"

Gervas akaeleza kwamba mradi si mtu, ni mpango wa maendeleo. Mjomba akauliza kama mpango ndio ulioshika sepetu. Gervas akasema lilikuwa katapila. Mjomba akataka kujua aliyeliendesha alitumwa na nani, na huyo aliyemtuma alitumwa na nani. Mkwe wake alipofika kwa mtu wa tatu, alianza kukohoa.

Mzee hakuendelea. Alivuka ubao polepole, bila kushikwa mkono, akaenda kusalimiana na Bi Mwaisha. Wakakaa barazani wawili wale, wanausemea mtaro maneno ya chini chini, kama watu wanaomjadili mgonjwa.

Gervas alikuwa bado anajipangusa jasho simu ilipoita. Mhandisi Ezekiel. Wenye gesti na wenye maduka walikuwa wamechachamaa, walitaka mtu wa kampuni aje awaeleze. Aende awatulize, leo hii, baada ya sala ya Ijumaa. Gervas alimkumbusha kwamba yuko likizo ya harusi. Mhandisi akasema vizuri zaidi, maana tayari yuko eneo la tukio.

Mkutano unahitaji mahali penye viti. Mtaa mzima viti vilikuwa sehemu moja tu: uani kwa Bi Mwaisha, vimevishwa vitambaa vyeupe na riboni za dhahabu, vinasubiri harusi.

Basi wananchi wenye hasira wakaja, wakakalia riboni. Wageni wa harusi, kwa kuona viti vinajaa, nao wakatoka vyumbani wakaketi. Watu wa Nyandira walijipanga nyuma. Shangazi Joyce aliuliza kama soda zimeanza kutolewa.

Paskalia alikuwa mlango wa jikoni, amejifunga khanga, anamenya vitunguu na wenzake. Yeye ni muuguzi, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alimpenda Gervas kwa sababu ya maneno yake. Mara nyingi tunapenda kwa mwenzetu kile tusichonacho, mpaka siku tuone kimetumikaje.

Gervas akasimama. Akawakaribisha ndugu wananchi. Akasema maendeleo ni kama kuzaa, yana uchungu wake. Mwanamke mmoja wa mbele alimwuliza yeye amezaa wangapi, naye Gervas akaendelea kama hakusikia.

Wakauliza mtaro utafukiwa lini. Akajibu hilo limechukuliwa. Wakauliza mabomba yatafika lini. Akajibu hilo liko kwenye mchakato. Wakauliza wateja watarudi lini, maana gesti zote zimekauka isipokuwa hii ya harusi. Akasema hilo ni wazo zuri, nalo litaingizwa kwenye mchakato.

Mjomba Paulo alimwinamia Pazi akamwuliza mchakato ni kitu gani. Pazi akamweleza kwa sauti iliyofika hadi jikoni kwamba ni mahali ambapo mambo huingia yakiwa mazima na hayaonekani tena.

Watu walikuwa wanaanza kunyanyuka, wamechoka badala ya kutulia, na kwa kampuni hayo mawili ni kitu kimoja. Gervas aliona ameshapona. Ndipo Bi Mwaisha akatoka chumba cha mbele.

Alikuwa na brashi mkononi, rangi ya maziwa imemtapakaa hadi kwenye kiwiko. Bi Mwaisha ni mjane. Gesti ile aliijenga na marehemu mumewe tofali kwa tofali, wakilala chumba kimoja na kupangisha kingine. Hana tabia ya kusema mikutanoni. Hakumwita afisa.

"Gervas, mwanangu," alisema. "Kimebaki ukuta mmoja chumbani kwenu. Asubuhi kuna mtu wa mtaa wa pili ameniambia nisihangaike, vyumba vya mbele vyote mtavibomoa. Mimi nimemkatalia. Nimemwambia, kama ni kweli Gervas angeniambia. Sasa nakuuliza mbele ya wakwe zako. Nipake, au nisipake?"

Waliokuwa wamenyanyuka wakaketi tena. Hata mashine ya Pazi, aliyoiacha mikononi mwa fundi mwenzake, ilikuwa imezimwa.

Gervas alikuwa na majibu ya kutosha. Angeweza kusema hilo limechukuliwa. Angeweza kusema asisikilize maneno ya mitaani, asubiri taarifa rasmi, na taarifa rasmi ingetokea baada ya keki kukatwa. Maneno yalikuja yenyewe, yamejipanga foleni kama kawaida. Alimtazama mama yule aliyesimama na brashi yake, akaona rangi inadondoka kwenye vidole vya mguu naye hana habari.

"Usipake, Bi Mwaisha," alisema.

Bi Mwaisha aliinama, akailaza brashi juu ya kopo taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Paskalia alitoka jikoni akaja mpaka mbele yake. Macho yalikuwa mekundu, lakini hayo ni ya vitunguu, hakulia.

"Ulijua lini?"

"Kabla hujachagua rangi."

Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama anapopokea majibu ya maabara. Kisha akamshika Bi Mwaisha mkono usio na rangi, akamwita mjomba wake, wote watatu wakaingia chumba cha mbele na kufunga mlango.

Gervas akabaki na mkutano.

Watu hawakuondoka. Hakuna Mluguru wala Mzaramo anayeondoka mahali penye mlango uliofungwa kwa namna ile. Walikaa kwenye riboni zao wakisikiliza. Wageni wa Dar waliulizana kwa kunong'ona kama warudi na treni ya jioni au wasubiri. Shangazi Joyce alisema yeye goti lake halirudi popote.

Pazi akaja kukaa kando ya bwana harusi na kikombe cha maji. Alimwambia anywe, maana ukweli ukitoka ghafla kwa mtu asiyeuzoea humkausha koo. Gervas akanywa. Alikuwa anafikiri kuhusu misa ya kesho, kuhusu padri, kuhusu mama yake ambaye tangu mkutano uanze alikuwa hajamwangalia. Ajabu ni kwamba, katikati ya hofu yote ile, kifua kilikuwa chepesi. Hakukumbuka mara ya mwisho alipojibu swali.

Mlango ulipofunguliwa, Mjomba Paulo ndiye aliyetangulia.

Alisema kwa ufupi. Mlimani kwao, mtu akificha jambo kwa wakwe, harusi inasimama mpaka jambo lizungumzwe. Limezungumzwa. Mpwa wake anasema bado anamtaka mwanamume huyu, na mjomba amemwuliza mara mbili kama ana homa. Hana. Kwa hiyo misa ipo. Ila mwenye nyumba ana neno.

Bi Mwaisha alikuwa amenawa mikono. Alisema kwao wao bibi harusi hukaa fungate. Siku saba yuko ndani na mumewe, hatoki, hasumbuliwi, wala hakuna mtu mwenye adabu anayebisha hodi.

"Mimi Mwislamu, nyie Wakatoliki," alisema, "lakini ukuta hauna dini. Maharusi watakaa fungate kwangu. Chumba cha mbele."

Paskalia akamalizia mwenyewe. Alimwambia Gervas kwamba safari yao ya Mikumi haipo tena. Jumatatu katapila likija litawakuta wamelala. Kama kampuni inataka kumbomolea msemaji wake chumba cha fungate, na bibi harusi yumo ndani, basi msemaji atatoka na shuka lake kiunoni awaeleze wananchi sababu.

Kicheko kilianzia kwa watu wa Nyandira, kikaenda mbele mpaka kwa wale wa hasira. Mwenye gesti ya jirani alisema na yeye ana binti anayechumbiwa, kama kuna mtu anataka kuharakisha. Mjomba Paulo alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Waliomjua walisema hiyo ndiyo "ndiyo" yake.

Gervas alicheka nao, kwanza kwa aibu, kisha kweli. Alikuwa ametumia miaka akisimama mbele ya watu kusemea katapila. Kwa mara ya kwanza angekuwa upande linakotazama. Alikwenda kushika magoti ya Bi Mwaisha kuomba radhi, na yule mama alimwinua, akamwambia radhi ataitoa wiki ijayo, akiamka na kukuta baraza lake lipo.

Palepale simu ikaita. Mhandisi Ezekiel.

Alitoka nayo hadi ukingo wa mtaro, mahali pasipo na kelele. Nyuma yake wanawake walikuwa wameshaanza kazi: wengine wanabeba godoro kwenda chumba cha mbele, wengine wanaimba, na Bi Mwaisha amerudi kwenye kopo lake kuumalizia ule ukuta.

Mhandisi hakuwa na hasira. Gervas alikuwa amejiandaa kwa hasira. Bosi alisema ameshasikia yaliyotokea, habari zimemfikia kabla viti havijapoa, na anaelewa, mambo ya wakwe ni mazito. Tena amemsaidia.

"Jumatatu ungepata aibu," alisema. "Nimeongea na watu wa mitambo. Wanakuja kesho asubuhi. Wote mtakuwa kanisani, nyumba tupu, hakuna wa kupiga kelele wala wa kuumia. Mkitoka misani kazi imekwisha. Nawatakia harusi njema."

Akakata.

Gervas alipiga tena. Haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana.

Alisimama pale akihesabu njia zake, na zilikuwa mbili. Akisema, Paskalia hatakwenda kanisani. Anamfahamu, ataingia chumba kile na gauni lake jeupe akae chini, na padri atasubiri bibi harusi ambaye haji. Akinyamaza, kesho atavalishwa pete, kwaya itaimba, watatoka nje kwa vigelegele na kukuta vumbi.

"Gervas."

Paskalia alikuwa amesimama kwenye baraza, mto mkononi, amekwisha kumsamehe nusu. Alimwuliza kama ni bosi wake aliyepiga. Gervas akaitika kwa kichwa. Akamwuliza amesemaje.

Mdomo wa Gervas ulikuwa na kazi yake, na ulikuwa umeizoea.

"Anatutakia harusi njema," alisema.

Kwa mara ya kwanza siku ile, Paskalia akatabasamu.